Ngozi na Urithi

Ngozi ni nguo ya kwanza ya mwanadamu, tena ni nguo yake ya mwisho. Hainunuliwi dukani, haishonwi na fundi, wala haibadilishwi siku ya sikukuu. Ngozi ya mtu mzima ikikunjuliwa hupata eneo la karibu mita 2 za mraba. Huzuia jua, vumbi na vijidudu visiingie. Huzuia maji ya mwili yasitoke. Na humpa mtu habari za joto, baridi, ukali na ulaini wa kila akigusacho. Kazi yote hii huifanya kimya. Nasi, kama ilivyo desturi yetu kwa watumishi wasiolalamika, huisahau mpaka siku inapogoma.

Nataka, msomaji, tuzungumze juu ya mgomo mmoja wa ngozi. Pengine umeuona darasani mwako, au nyumbani kwenu, au juu ya mikono yako mwenyewe. Jina lake ni ukurutu, na wengine huuita pumu ya ngozi. Jina hili la pili lina hekima ndani yake, kwa kuwa aghalabu ukurutu, pumu ya kifua na mafua ya vumbi hukaa katika ukoo mmoja kama ndugu wa tumbo moja. Ngozi hukauka, huota vipele, huwasha mchana na huwasha zaidi usiku. Kwa watoto wachanga hupenda mashavu. Kwa wakubwa hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya husema kwamba mahali palipougua huwa pekundu. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hujificha; twaona badala yake weusi uliozidi, au rangi ya majivu, na ukavu mfano wa udongo uliokosa mvua.

Ugonjwa huu nimeujua kwa karibu. Mpwa wangu alizaliwa Malindi, mtaa wa Shela, na ukurutu ulimwanza kabla hajajua kutambaa. Usiku dada yangu alimfunga vitambaa laini mikononi ili asijitoe damu kwa kujikuna. Majirani walikuja na wema wao, na kila mmoja alikuja na sababu yake. Wa kwanza alisema mtoto ana damu chafu. Wa pili alisema mama alikula pweza wakati wa mimba. Wa tatu alinong'ona habari za kijicho. Hapana hata mmoja aliyetaka kuudhi. Lakini sababu zote tatu zilikuwa na mwisho mmoja, nao ni kwamba kosa lilikuwa la mtoto au la mama.

Alipoanza shule mambo yalizidi. Mwalimu mmoja alimpa dawati la peke yake, kwa hofu kwamba angewaambukiza wenziwe. Wenziwe nao, walipoona dawati la peke yake, wakafahamu kuwa wameruhusiwa kumcheka, wakampa jina la kenge kwa sababu ya magamba ya shingo yake. Kijana akaanza kuumwa tumbo kila asubuhi ya Jumatatu. Siku moja, mamake akiwa karibu anakuna nazi, aliniuliza, "Mjomba, haya nimerithi kwa nani?"

Dada yangu aliinama juu ya mbuzi yake, hakusema neno. Nilifahamu kuwa swali lile lilikuwa limemchoma kuliko maneno yote ya majirani. Nikaona kwamba lilidai jibu la haki, jibu lisilodanganya na lisiloumiza bure. Jibu hilo nililitafuta katika vitabu na kwa watu wenye elimu ya mambo haya, na katika kulitafuta nilijifunza jambo ambalo nataka kukupa wewe leo. Nalo ni hili: kurithi kitu ni jambo moja, na kitu hicho kutenda kazi ni jambo jingine.

Tuanze na ukuta. Kama umepata kwenda Gede, kusini ya Malindi, umesimama mbele ya kuta zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita. Jiwe peke yake si ukuta. Ukuta ni mawe yaliyoshikana. Ngozi yetu ya juu imejengwa vivyo hivyo. Mawe yake ni seli zilizokauka na kulala bapa, moja juu ya nyingine. Chokaa yake ni mafuta yaliyo katikati ya seli hizo. Iko na protini moja iitwayo filagrini, ambayo kazi yake ya kwanza ni kuzikaza nyuzi za ndani ya seli zipate kulala bapa, na kazi yake ya pili ni kuvunjika kuwa vitu vidogo vinavyoshika maji. Filagrini ikiwa ya kutosha, ngozi huwa laini na imara. Ikipungua, nyufa hutokea, maji hutoka na vumbi huingia.

Kila protini hutengenezwa kwa maagizo, na maagizo hayo ndiyo jeni. Mwanadamu ana jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000, nusu ya kila jozi kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Karibu kila seli ya mwili ina kitabu kizima cha maagizo hayo. Fikiri basi, msomaji: seli ya jicho ina maagizo ya kuota nywele, na seli ya kichwa ina maagizo ya kutengeneza kioo cha jicho. Mbona jicho halioti nywele? Ni kwa sababu kuwa na kitabu si kukisoma chote. Kila seli husoma kurasa zinazohusu kazi yake, na kurasa nyingine huziacha zimefungwa.

Namna kurasa hizi zinavyofunguliwa na kufungwa ilianza kueleweka vema mwaka 1961, pale Wafaransa wawili, François Jacob na Jacques Monod, walipoeleza mambo ya kijidudu kidogo cha tumboni. Kijidudu hicho kina jeni ya kukiwezesha kula sukari ya maziwa, lakini jeni hiyo hukaa imefungwa mpaka sukari yenyewe ifike. Mpishi mwenye akili hawashi jiko kabla unga haujaletwa. Kwa elimu hiyo, Jacob na Monod pamoja na mwenzao André Lwoff walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1965. Tangu hapo wataalamu wamegundua njia nyingi zaidi za kufungua na kufunga, hata alama ndogo za kikemia zinazobandikwa juu ya jeni na kuifanya isomwe kidogo, bila ya kubadili herufi yake hata moja.

Kama mfano huu wa kijidudu ni wa mbali, uko mwingine katika damu yetu wenyewe. Mjini Kilifi kipo kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989 na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya pamoja na Wellcome Trust ya Uingereza, na moja ya kazi zake mashuhuri ni kuonyesha jinsi mtu mwenye nusu ya urithi wa selimundu anavyokingwa na malaria kali. Katika selimundu, herufi moja ya agizo lenyewe imebadilika, na kwa hiyo kitu kinachotengenezwa hubadilika. Lakini watu walio wengi Afrika kusini ya Sahara wana urithi mwingine, wa namna nyingine kabisa, juu ya jeni iitwayo Duffy. Kwao agizo ni zima. Kilichobadilika ni herufi moja katika mahali pa kuifungulia, na badiliko hilo huifunga jeni ndani ya chembe nyekundu za damu tu. Kwingineko mwilini jeni ile ile husomwa kama kawaida. Chembe nyekundu zikikosa protini ya Duffy, malaria ya aina ya vivax hukosa mlango wake mkuu wa kuingilia. Mababu zetu walilindwa kwa kufuli, si kwa kupoteza chumba.

Sasa turudi kwenye ukurutu. Mwaka 2006 wataalamu wa Dundee, Scotland, pamoja na wenzao, waligundua kuwa watu wengi wenye ukurutu katika Ulaya wana jeni ya filagrini iliyovunjika. Huko kaskazini ya Ulaya, karibu mtu mmoja katika kila 10 ana mvunjiko wa namna hiyo. Ilionekana kana kwamba fumbo limefumbuliwa: agizo bovu, ukuta mbovu. Lakini mwaka 2011 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa wagonjwa wa Ethiopia, majirani zetu wa kaskazini. Wao walikuwa na ukurutu dhahiri. Walakini mivunjiko iliyozoeleka Ulaya haikuonekana kwao, ila badiliko moja jipya tu. Maagizo yao yalikuwa mazima kwa jumla, na ukuta ulikuwa na nyufa. Ilikuwaje?

Sehemu kubwa ya jibu ni kufuli. Katika mwili wetu wamo walinzi, yaani seli nyeupe za damu, nao hupelekeana habari kwa wajumbe wadogo. Wajumbe wawili wanahusika sana na ukurutu, nao huitwa interlukini ya 4 na interlukini ya 13. Kazi yao ya haki ni kuwaita walinzi juu ya maadui wakubwa kama minyoo. Mjumbe hubisha hodi katika ukingo wa seli ya ngozi. Habari yake hupokewa na kupelekwa ndani mpaka kilipo kitabu. Na huko baadhi ya kurasa hufunguliwa na nyingine hufungwa. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba miongoni mwa kurasa zinazofungwa na wajumbe hawa ni ile ya filagrini. Kitabu ki kizima, lakini msomaji wake amezuiliwa. Kwa hiyo mtu aliyerithi jeni njema kabisa ya filagrini aweza kuwa na upungufu wa filagrini, maadamu walinzi wake wamo katika ghadhabu isiyotulia.

Hapo ndipo hatari ya ugonjwa huu ilipo, kwa kuwa huzunguka kama ng'ombe wa kinu. Ukuta ukipata nyufa, vumbi, sabuni kali na vijidudu hupenya. Vikipenya, walinzi hupiga mbiu na kutuma wajumbe. Wajumbe wakifika, jeni ya filagrini hufungwa. Filagrini ikipungua, nyufa huzidi. Na kila mgonjwa anapojikuna, huongeza kwa kucha zake ufa ambao mwili ulikuwa ukijaribu kuuziba. Sisi wa pwani tuna adui mmoja wa siri katika mzunguko huu. Ni utitiri wa vumbi, mdudu asiyeonekana kwa macho, apendaye unyevu wa hewa yetu na magodoro yetu ya sufi. Uchafu wake ni miongoni mwa vitu vinavyowachokoza walinzi wa mwili mno.

Lakini mbona walinzi wakasirikie vumbi, ambalo halimli mtu? Swali hili lina jibu refu, na bado linaendelea kuchunguzwa. Sehemu yake moja yatoka Entebbe, Uganda. Huko wanawake waja wazito walipewa dawa ya minyoo au kidonge kisicho na dawa, kisha watoto wao wakaangaliwa walipozaliwa. Mwaka 2011 ilielezwa kwamba watoto ambao mama zao walipewa dawa aina ya albendazoli walipata ukurutu zaidi kuliko wenzao. Yaelekea kuwa minyoo, ili isifukuzwe, huwatuliza walinzi, na utulivu huo humfikia hata mtoto aliye tumboni. Usinielewe vibaya. Minyoo hunyonya damu na hudumaza watoto, na hapana mtu mwenye akili atakayeifuga kuwa dawa. Funzo lililopo ni kwamba walinzi wa mwili hulelewa, kama watoto wanavyolelewa, na malezi yao huanza mapema.

Tena wako walinzi maalumu ambao kazi yao si kupigana bali ni kuwatuliza wenzao. Seli hizi hupata tabia yake ya upole kwa jeni moja iitwayo FOXP3, ambayo nayo ni msimamizi wa jeni nyingine nyingi. Mara chache sana huzaliwa mtoto wa kiume ambaye jeni hii imevunjika. Mtoto huyo hukosa wapatanishi mwilini mwake. Walinzi huushambulia mwili wenyewe, tumbo na tezi zake. Na ngozi yake hufunikwa na ukurutu mkali. Msimamizi mmoja akiondoka, nyumba nzima huingia vita. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba afya ya ngozi si ngozi tu, bali ni utaratibu wa nani afungue nini na wakati gani.

Kama ufunguo ni muhimu hivi, twaweza kuushika? Ndiyo, tena tumeushika kwa miaka mingi. Mwaka 1952 matabibu wa Marekani walitangaza kuwa haidrokotisoni, ikipakwa juu ya ngozi, hutuliza ukurutu. Leo dawa hiyo imo katika maduka ya dawa ya Malindi, Watamu, Kilifi na Mariakani. Wengi huipaka wakidhani hufuta upele kama sabuni ifutavyo doa. Sivyo. Huingia ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, kisha huenda pamoja nacho mpaka kwenye jeni, na huko huzuia kurasa nyingi za mwasho na uvimbe zisisomwe. Kila apakaye kidogo cha dawa ile anashika ufunguo wa jeni, ajue au asijue.

Kwa sababu hiyo hiyo yataka adabu. Ufunguo ufungao kurasa mbaya huweza kufunga na kurasa njema. Dawa za jamii hii zilizo kali, zikipakwa kila siku bila ya shauri la mganga wa hospitali, huifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu. Ziko krimu zinazouzwa kwa kuahidi weupe, na ndani ya baadhi yake imechanganywa dawa hiyo kali kwa siri. Msichana anayejipaka ili apendeze huenda anabomoa ukuta ambao alipewa bure.

Uko na ulinzi wa bei ndogo. Ngozi ikioshwa kwa maji yasiyo moto, kwa sabuni isiyo kali, kisha ikapakwa mafuta ingali na unyevu, nyufa hupungua na mzunguko hupunguza mwendo. Mafuta ya nazi safi, ambayo bibi zetu waliyatumia kabla ya sisi kujua neno jeni, yalijaribiwa nchini Ufilipino juu ya watu wenye ukurutu na yakaonekana kusaidia. Upande wa pili wa mizani kuna dawa ya sindano iitwayo dupilumabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017. Hiyo huziba mlango ambao interlukini ya 4 na ya 13 hubisha hodi, na katika ngozi ya waliotibiwa filagrini imeonekana kurudi. Bei yake ni kubwa mno kwa mvuvi wa Mambrui au mkulima wa Ganze, na hapa elimu ya tiba imetangulia haki ya tiba. Yamkini mmoja wenu anayesoma maneno haya ndiye atakayepunguza mwendo uliopo katikati ya mambo haya mawili.

Mpwa wangu nilimjibu hivi: "Umerithi kwa baba na kwa mama, kama tulivyorithi sote, na katika urithi huo limo tegemeo la kuugua, lakini tegemeo si hukumu. Mama yako hakukufanyia kosa kwa kula pweza, na wewe hukujifanyia kosa kwa kuzaliwa." Dada yangu alisikia. Mwalimu naye alielezwa na muuguzi kuwa ukurutu hauambukizi, na lile dawati la peke yake likaondolewa. Ukurutu wenyewe haukwisha. Hupungua na hurudi, hasa vumbi linapozidi na moyo unapokuwa na wasiwasi. Jina la kenge pia lilichukua muda mrefu kufa, kwa kuwa ulimi hauna dawa ya kupaka.

Msomaji, wewe u kijana, na yafaa uchukue kutoka katika habari hii mambo matatu. La kwanza ni la mwili: ukiwa na ukurutu, paka mafuta, epuka kujikuna, na nenda zahanati kabla ya kwenda kwa muuza krimu. La pili ni la jirani: ukurutu hauhami kwa kushikana mkono, wala kwa kukaa dawati moja, wala kwa kula sinia moja. Amnyimaye mwenzake nafasi ya kukaa kwa ajili ya ngozi hana ulinzi anaoupata. Apatacho ni dhambi ya kumwonea mtu aliye katika maumivu. La tatu ni la akili. Wako watu watakaokuambia kuwa mtu ni jeni zake, na kwamba aliyoandikiwa katika damu hayana budi kuwa. Wako wengine watakaokuambia kuwa urithi si kitu, na kila ugonjwa ni matokeo ya uzembe. Wote wawili wamesoma nusu ya ukurasa. Kitabu tumepewa, nasi hatukukiandika. Lakini kurasa zake hufunguliwa na kufungwa kila siku, na katika kufungua na kufunga huko una mkono wa hewa uvutayo, wa nyumba ulalamo, wa dawa uipakayo na wa malezi uliyopata.

Urithi ni shamba. Mrithi hakuchagua udongo wake, wala hapaswi kuulizwa kwa nini una chumvi au mchanga. Aulizwe namna anavyolima, na majirani zake waulizwe kama walimpa maji.